Kadi ya Betri Namba Sita

Siku mdogo wa kike wa marehemu mke wangu alipotolewa majini damu ikimtoka sikioni, mimi nilikuwa stoo nakunywa chai. Naanza na hapo kwa sababu ripoti ya ofisini ilianza na saa, na kina cha maji, na hali ya hewa. Chai yangu hawakuiandika.

Kazi yetu ni bwawa, lile linalonywesha mji mzima. Wazamiaji wanashuka kukagua ukuta na nyavu za chuma kule maji yanakoingilia kwenye mabomba. Kutoka jukwaani hadi kwenye nyavu ni mbali, na mtu akipiga miguu tu hewa itamwishia njiani. Kwa hiyo wana skuta. Usifikirie ile ya barabarani. Hii ni kama bomba nene lenye feni nyuma na vishikio viwili. Unashika, unabonyeza, inakuvuta chini ya maji huku umenyooka kama samaki. Tumboni mwake mna betri. Betri zilikuwa nane, na zote zilikuwa mikononi mwangu. Ndiyo maana waliniita Mzee Chaji.

Sasa, betri ina ujanja wake. Ukimaliza kuichaji, taa tano za kijani zinawaka pale kwenye kishikio, iwe mpya, iwe kuukuu. Taa zinakwambia betri imeshiba, hazikwambii kama ni nzima. Mgonjwa naye hushiba. Ukitaka kujua uzima wake lazima uitoe jasho: unaiunganisha na taa nne kubwa za lori, unaanza kuhesabu dakika, unakaa hapo mpaka taa ziwe nyekundu kama jicho la mlevi. Mpya inafika dakika themanini. Ikishuka chini ya hamsini, haitakiwi kuingia majini tena. Kila betri ina siku yake katika mwezi na kadi yake. Unapima, unaandika dakika, unaweka sahihi, na meneja anaweka yake chini.

Ni zaidi ya saa nzima kwa betri moja, na huruhusiwi kuondoka. Kazi ya kukaa na kutazama taa.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi betri wa malori miaka kumi na tisa. Gereji ilipofungwa, shemeji yangu huyu, mzamiaji, ndiye aliyeniombea kazi bwawani. Nilimwoa dada yake, huyu mdogo akiwa darasa la pili, akaja kukaa kwetu, akala kwetu, akakua kwetu. Sisi hatukujaliwa mtoto. Alipomwambia meneja, "Huyu ni shemeji yangu, lakini betri anazijua kuliko anavyojijua mwenyewe," alikuwa ananidhamini kwa jina lake.

Na nilizijua, ila za malori. Betri ya lori ukiiacha na njaa inakufa. Kila jioni kabla sijafunga stoo nilizishibisha zote nane mpaka taa tano, nikazipanga juu ya rafu chini ya bati, nikaondoka kifua mbele. Kumbe hizi za skuta hazitaki hivyo. Hizi zikikaa zimeshiba kwenye joto zinachakaa kwa ndani, zinataka kulazwa nusu, mahali pa ubaridi. Mimi nilikuwa nikiziua kwa bidii.

Walitufundisha? Ndiyo, walitufundisha. Alikuja kijana mwenye suti, akazima taa za ukumbini, akatuonyesha picha ukutani kwa lugha yake, akatuachia kitabu kinene kwa lugha hiyohiyo. Meneja anajua mimi niliishia darasa la nne. Aliniuliza, "Umeelewa, mzee?" mbele ya watu thelathini. Nikasema nimeelewa. Wewe ungesema nini? Mtu anayetaka kujua kama umeelewa hakuulizi hadharani. Lakini mdomo uliosema ndiyo ni wangu, sikuazima kwa mtu.

Mwezi wa tano mke wangu alilazwa. Nikaenda kwa meneja kuomba ruhusa.

"Siku tatu," akasema, bila kuinua macho.

"Mkubwa, mgonjwa hajui kuhesabu siku tatu."

"Mzee, kila mtu hapa ana mgonjwa. Na zile kadi nisije nikakuta pengo. Mkaguzi akikuta pengo, ni wewe na mimi."

Basi nikarudi stoo, nikachukua kadi zote nane, nikajaza mwezi mzima palepale, siku ambazo hazijafika. Sabini na moja, sabini na nne, sabini na mbili. Nilizipangusa na mkono wa shati wino usichafue. Meneja akasaini zote kwa mkupuo mmoja huku anaongea na simu, na wala hakuona kwamba tarehe nyingine bado ziko mbele.

Mke wangu alifariki tarehe kumi na tano. Tulimzika tarehe kumi na saba.

Niliporudi kazini, niliogopa sana wiki ya kwanza. Kila mlango ukilia nafikiri ndiyo wamekuja. Hakuna aliyekuja. Kadi zilikuwa kwenye faili, nzuri, zimenyooka. Mwezi wa sita ulipofika nikakaa mbele ya taa za lori nikawaza: nikae saa nzima na kichwa changu, peke yangu, nitazame taa zinavyofifia? Sikuweza. Nikaandika sabini na nne. Mwezi wa saba nikaandika sabini na tatu, ili ionekane inashuka kidogo, kama kitu cha kweli. Hapo huzuni haikuwepo tena, nisiseme uongo. Hapo nilikuwa nimezoea.

Ndipo mwezi wa tisa shemeji akashuka na betri namba sita. Alifika kwenye nyavu vizuri, taa tatu zinawaka. Alipogeuka kurudi zikazimika zote tatu kwa pamoja, feni ikasimama, na yuko kule maji yanakovuta kuelekea kwenye bomba. Akaiachia skuta ikazama, akashika ukuta kwa kucha, akapiga miguu mpaka mtungi wa hewa ukabaki na kidogo cha mwisho, akapanda juu haraka kuliko inavyoruhusiwa. Sikio likapasuka. Daktari alisema litapona, lakini asizame miezi miwili.

Ofisi ikasema aliendesha kwa kasi kupita kiasi na kutelekeza mali. Wakamsimamisha kazi, wakaita kikao siku ya nne, na mkaguzi akaja kutoka makao makuu: mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kwenye uzi, asiyecheka wala kununa.

Kikao kilikuwa asubuhi kwenye chumba cha mikutano, kile chenye meza ndefu na jagi la maji ambalo hakuna anayekunywa. Meneja upande huu, mkaguzi kichwani mwa meza, shemeji na pamba sikioni, mimi pembeni karibu na mlango kama shahidi wa betri.

Mkaguzi akasema, "Mzee, betri zako zikoje?"

Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni mashtaka. Nilisema stoo ni tanuri, niliomba feni mwaka jana sikupewa. Nilisema kitabu kililetwa kwa lugha ya watu. Nilisema kuna wakubwa wanasaini vitu bila kuvisoma. Meneja akakohoa. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na nilipoketi nilijisikia nimefanya kazi ya kiume. Lakini swali sikulijibu.

Mkaguzi hakubishana. Alimsogezea shemeji ile kadi. "Namba sita. Tangu mwezi wa tano, kila tarehe kumi na saba, sabini na nne, sabini na nne, sabini na tatu, sabini na tatu. Hii ni betri nzima, dada. Wewe umeitumia dakika ishirini na sita. Uliifanya nini?"

Shemeji akaivuta kadi karibu. Nilimwona kidole chake kikishuka mstari kwa mstari, kikapanda tena, kikasimama. Tarehe kumi na saba, mwezi wa tano. Sahihi yangu pembeni, imenyooka. Siku hiyo saa nne asubuhi yeye na mimi tulikuwa tumesimama kwenye udongo mbichi, na mkono wangu ulikuwa begani kwake.

Hakuniangalia. Aliigeuza kadi kifudifudi, akaisukuma katikati ya meza.

"Labda niliendesha kwa kasi," akasema.

"Labda?"

"Niliendesha kwa kasi."

Na mimi je? Mwanamume mzima, mwenye mvi, nimemaliza sasa hivi kuwasema wakubwa wasiosoma wanachosaini, nikatazama jagi la maji kama vile ndani yake kuna samaki.

Mkaguzi akaahirisha kikao mpaka baada ya chakula cha mchana. Nilimfuata shemeji kwenye korido, akiwa ameegemea ukuta karibu na mtungi wa kuzimia moto.

"Umeona tarehe," nikasema.

"Sema upande huu, hilo halisikii."

Nikahamia upande wa pili. "Umeona tarehe."

"Nimeona, shem."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba siku hiyo ulikuwa unamzika dada yangu? Niwape wale? Waandike kaburi la dada kwenye faili lao, kielelezo namba ngapi sijui, walipigie muhuri?" Alipangusa pua kwa kiganja, vilevile kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto. "Sitaki. Siku ile ni yetu. Mtu akiwa na msiba anaweza kuandika lolote, sikulaumu. Kazi nitapata nyingine."

Ningeweza kuishia hapo. Alikuwa ameshanisamehe, na alikuwa amenisamehe kwa sababu nzuri kuliko ile niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimeanza hata kutikisa kichwa, kama mtu anayekubali pole.

Kisha akasema, "Ila ile mistari ya chini, shem. Wa sita, wa saba, wa nane. Hiyo ulipima?"

Nikaanza kusoma maandishi ya mtungi wa kuzimia moto.

"Shem."

"Sikupima."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Zote nane."

Alinitazama. Nimewahi kutazamwa na wadai, na polisi, na daktari anayeleta habari mbaya; hakuna kati yao aliyewahi kunitazama vile.

"Kumbe," akasema taratibu. "Mimi kule ndani nilifikiri nabeba msiba wetu. Kumbe nimebeba uvivu wako."

"Wao ndio walio..."

"Usinitajie wao! Mimi ndiye niliyekuwa kule chini. Unajua nilikuwa naomba nini nikiwa nimeshika ule ukuta? Naomba nisikuachie msiba wa pili. Wewe! Nakuonea wewe huruma, na wewe uko juu unakunywa chai." Akageuka kuelekea ngazi za jukwaani. Sura ikambadilika. "Zote nane? Leo nani anashuka?"

Nilikuwa nimesahau. Mungu anisamehe, nilikuwa nimesahau kabisa. Kwa ofisi kosa lilikuwa la mwendeshaji, kwa hiyo kazi iliendelea kama kawaida. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemkabidhi mzamiaji mwenzake, Kimya, betri namba tatu kwa mikono yangu.

Nikakimbia. Magoti yangu si ya kukimbia tena, lakini nilikimbia ngazi zote hadi jukwaani. Kimya alikuwa ameketi ukingoni, mtungi mgongoni, miguu tayari majini, skuta mapajani. Wanamwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe.

"Mzee Chaji!" akapiga kelele. "Unakimbizwa na nini, na mchumba? Umri huo, ukianguka hapa tutakuchaji kwa waya gani?"

Nilishika kishikio cha skuta. "Lete."

"Nilete nini? Taa tano hizi hapa, angalia zinavyocheka."

"Lete nimesema! Taa si kitu. Sijaipima."

"Hujaipima leo?"

"Sijaipima tangu mwezi wa tano. Nilikuwa naandika tu."

Wale vijana wanaoshika kamba za wazamiaji walikuwa wanacheka na Kimya. Wakaacha. Kimya akaitazama skuta, akatazama maji, akatoa miguu yake majini mmoja baada ya mwingine, polepole, kama mtu anayeondoka kwenye kitanda chenye nyoka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno. Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana. Alifungua mikanda ya mtungi, akanipita, na aliponipita alijibana kando nguo zetu zisigusane.

Meneja alikuwa ameshafika, ameshika tai isipeperuke. Aliyasikia yote. Akanivuta mpaka nyuma ya winchi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu pale akaniita kwa upole.

"Baba, sikiliza. Umechanganyikiwa, bado una majonzi, kila mtu anajua. Betri zilikuja na kasoro kutoka kiwandani, tutaandika hivyo. Shemeji yako anarudi kazini, wewe unapumzika wiki mbili, na hakuna aliyekosa. Umenielewa?"

Ni yeye yule aliyenipa siku tatu. Miezi yote hiyo nimemlaani usiku na mchana, nikila namlaani, nikioga namlaani. Na sasa naye ananiomba tuandike kitu kisichokuwepo, tusaini wote wawili, yangu juu na yake chini, kama tulivyozoea. Nilimtazama ile tai, ile mikono laini, nikaona kwamba mimi na yeye tumekuwa tukifanya kazi moja. Sijawahi kuona haya kama pale nyuma ya winchi, hata kule korido sikuona.

"Nimekuelewa," nikasema. "Uliniuliza hivyohivyo ukumbini."

Nikamwacha, nikapanda ngazi.

Mkaguzi alikuwa anakula ndizi peke yake kwenye meza ndefu. Nilimwambia nataka kuandikisha maelezo, ila mwandiko wangu ni wa taratibu, aandike yeye. Alifuta vidole, akavaa miwani, akachukua karatasi. Mlango niliuacha wazi. Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, upande wa sikio zima ukielekea kwetu.

Nikasema kwamba kadi zote nane kuanzia mwezi wa tano ni za uongo. Nikasema niliandika dakika bila kupima. Nikasema nilikuwa nazilaza zimeshiba kwenye joto, na kwamba mzamiaji hakuendesha kwa kasi, alipewa betri mbovu na mtu aliyepaswa kujua.

Aliandika bila haraka. Akaivuta ile kadi, akaweka kalamu kwenye mstari wa kwanza.

"Tunaanzia hapa. Tarehe kumi na saba, mwezi wa tano. Siku hiyo ulikuwa wapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Jibu zuri, jibu ambalo lingemfanya mama huyu avue miwani aniambie pole mzee. Lingekuwa limeandikwa mpaka leo: siku hiyo alikuwa anamzika mkewe, na meneja alimpa siku tatu. Ni kweli tupu, na kweli hiyo ndiyo iliyokuwa imenibakia.

Kule korido sikusikia hata benchi likilia.

"Sikupima," nikasema.

"Nimeuliza ulikuwa wapi."

"Sikuwa stoo. Andika sikuwa stoo."

"Ulikuwa na ruhusa? Kulikuwa na sababu?"

"Andika uzembe."

Alinitazama juu ya miwani. "Mzee, nikiandika hivyo kazi huna. Na hakuna atakayekutetea, maana hujanipa cha kukutetea."

"Andika."

Akaandika. Akanisomea yote, neno kwa neno, mara mbili, kwa sababu niliomba mara mbili. Masikioni mwangu alikuwa ni mtu fulani mvivu asiye na mke wala historia, aliyekaa kwenye stoo akibuni namba huku watu wakizama. Akauliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa nalo, kifua kimejaa: bati la stoo, kitabu, siku tatu, sahihi za mkupuo mmoja. Sahihi hizo zilikuwa pale chini ya kadi mbele yake, na macho anayo.

"Sina," nikasema.

Nikasaini. Sahihi haikunyooka.

"Mwite mzamiaji aingie," akasema, akiwa ameshachukua karatasi nyingine.

Nilitoka. Shemeji alikuwa amesimama tayari, ameikunja ile pamba ya sikio kwenye kiganja. Nilitaka kusema kitu, lakini kila nilichokifikiria kilikuwa na harufu ya kujitetea.

"Unaitwa," nikamwambia.

"Nimesikia," akasema, akaingia, akaufunga mlango nyuma yake bila kuubamiza.